Safari ya siku moja kwa baiskeli hadi mlango wa Mto Sio

WENGI wanaopanda bodaboda mjini Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hawajui kwamba neno hilo lilizaliwa kwenye baiskeli, katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia na Malaba.

Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wa huko walifunga mto laini juu ya keria na kuwavusha wasafiri na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Waliwaita wateja kwa sauti ya "boda, boda", nalo jina likashika. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ziada ya thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, nyingi ya baiskeli hizo ziliachia pikipiki nafasi.

Hata hivyo, baiskeli bado ndicho chombo kinachofaa zaidi kwa anayetaka kuifahamu nchi ya Samia, kuanzia mjini Busia, kupitia Funyula, hadi Sio Port ambako Mto Sio unamwaga maji yake katika Ziwa Victoria.

Inafaa kuondoka Busia alfajiri. Njia inaelekea kusini na kuuvuka Mto Sio, kisha inapita Nangina na Funyula kando ya vilima vya Samia. Busia iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo ziwa mita 1,134. Kwa hivyo, ingawa kuna vipando vya kuchosha karibu na vilima, kwa jumla mwendeshaji anateremka.

Vilima hivyo si mandhari tu. Mawe yake yana chuma, na Wasamia walisifika zamani kwa ufuaji wa majembe yaliyouzwa kwa majirani.

Siri ya safari hii ni upepo. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwa huingia kujaza pengo. Usiku mambo hugeuka. Anayekwenda ziwani asubuhi na mapema hapambani na upepo, na anayerudi alasiri husukumwa mgongoni. Lakini upepo huo huo ndio unaokusanya mawingu ya mvua na radi, hasa kati ya Machi na Mei. Asiyetaka kunyeshewa njiani na aanze kurudi mapema.

Kabla ya kufika ziwani, Mto Sio unakuwa mpaka wa Kenya na Uganda. Mpaka huu ni wa juzi tu: hadi mwaka wa 1902 eneo hili lote lilikuwa chini ya himaya ya Uganda, na hadi leo jamaa wa ukoo mmoja wanaishi kila ng'ambo. Msafiri asidanganyike na wembamba wa maji akavuka kwa mtumbwi bila stakabadhi. Kituo halali kiko mjini Busia.

Kwenye mlango wa mto hakuna maji kupwa na kujaa kama baharini. Mto unapunguza mwendo, unatanda, na kuingia katika mafunjo marefu. Mafunjo hayo huzuia tope na mbolea inayosombwa kutoka mashambani, hivyo ziwa hupokea maji yaliyochujwa. Humo hutaga samaki, na hujificha nzohe, paa anayeishi majini. Wenyeji nao hukata mafunjo kwa ajili ya majamvi na paa za nyumba.

Hapa ndipo penye hatari. Kila kiangazi kirefu kinapokuja, wakulima wenye njaa ya ardhi hufyeka mafunjo ili walime pembezoni mwa maji. Mwezi Mei mwaka wa 2020, ziwa lilipanda kupita kipimo cha mwaka wa 1964, nayo maji yakameza fuo za wavuvi na kuwafukuza maelfu ya watu huko Budalangi, karibu na mlango wa Mto Nzoia. Aliyelima ukingoni alipoteza shamba na kinga pamoja.

Sio Port msafiri atakuta omena wakianikwa na mafundi wa kuziba pancha. Asiogelee wala kuosha miguu kwenye maji yaliyotulia, kwani ziwa hili lina kichocho. Mwenye nguvu anaweza kuendelea kusini hadi Port Victoria, ila kwa wengi hapa ndipo pa kugeuzia.

Nchini Ufaransa, njia ya baiskeli inayofuata Mto Loire ina urefu wa takriban kilomita 900 na huishia Saint-Brevin-les-Pins, mto unapoingia bahari ya Atlantiki. Imewekewa alama, na wageni humiminika humo kila mwaka. Huku kwetu mwendeshaji hugawana barabara na matatu na malori, na mara nyingi ndiye anayesukumwa mtaroni. Wa kwanza kuumia si mtalii, bali ni mama anayepeleka samaki sokoni na mtoto anayekwenda shule.

Eneo lililoipa Afrika Mashariki neno bodaboda linastahili angalau ukingo salama wa barabara kwa baiskeli zake.