Pesa imetoka, tovuti inasema hujalipa: shida iko wapi?

Tuseme uko Rongo na umeagiza gunia la omena kwenye tovuti ya muuzaji wa Muhuru Bay. Umeweka PIN, pesa imetoka, meseji ya muamala imeingia, lakini tovuti bado inasema malipo hayajapokelewa. Usilipe mara ya pili. Mpe muuzaji namba ya muamala iliyo kwenye meseji. PIN usimpe mtu, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Wewe mwenye tovuti, sasa ni zamu yako. Fikiria mashua ya omena usiku pale Mbita. Wavuvi hawaji kila mtu na taa yake. Mwenye mashua huwapa taa na nyavu kabla ya kutoka ufuoni. Tovuti nyingi hujengwa hivyo. Sehemu ya oda haijitengenezei kipokezi cha majibu ya malipo. Inakabidhiwa na fremuweki, kama Spring au Laravel, kulingana na vile fundi alivyoielekeza.

Kipokezi kikisahaulika kabisa, Spring kwa kawaida hukataa kuwaka. Laravel inaweza kuwaka vizuri, halafu ianguke sehemu hiyo inapohitajika. Hapo angalau kuna kelele. Fundi afungue logi, na kwa Spring asiishie mstari wa juu: ashuke hadi "Caused by" ya mwisho, ndiko kitu kilichokosekana hutajwa.

Kinachotusumbua zaidi ni lile kosa la kimya. Wakati wa kujaribu tovuti, mafundi huweka kipokezi bandia kinachojibu "sawa" kwa kila ujumbe bila kuandika chochote kwenye oda. Kikibaki hapo siku ya kufungua duka, sisi tunaona ujumbe umefika na umejibiwa, mteja ana meseji yake, na logi haina kosa hata moja. Taa iko kwenye mashua, ila ni ya maonyesho.

Kwa hivyo usikubali jibu la "kwangu inafanya kazi". Mwambie fundi aangalie ni kipokezi gani hasa kimekabidhiwa kwenye seva ya wateja, si kwenye kompyuta yake. Kisha lipa shilingi 10 kwa simu yako mwenyewe, utafute namba ya muamala huo kwenye orodha ya oda. Isipoonekana, zima kitufe cha kulipa hadi irekebishwe.