Dole Gumba Katika Kompyuta

Katika kata ya Nyabibuye, iliyokuwa chini ya wilaya ya Kibondo kabla wilaya ya Kakonko haijaundwa mwaka 2012, Kiha ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiswahili aghalabu ni lugha ya shule, ya baraza na ya hospitali. Mama wa huko aliyeshikwa na uchungu, akiambiwa na tabibu kwamba hana budi kupasuliwa ili mtoto azaliwe salama, hupewa fomu ya ridhaa atie sahihi au dole gumba, ilhali maumivu hayampi nafasi ya kuuliza maana ya kila neno.

Zamani fomu hiyo ilikaa katika jalada, pamoja na vumbi na panya. Siku hizi hospitali nyingi za umma nchini Tanzania zina mifumo ya kompyuta, GoTHOMIS ukiwa miongoni mwao, na mahali palipo na vifaa karatasi yaweza kupigwa picha na kuambatishwa na namba ya mgonjwa. Ni neema kubwa; walakini ina hatari yake, kwa sababu alama ya «amekubali» huwekwa kwa kugusa mara moja, na mhudumu aliyelemewa na foleni aweza kuigusa kwa kila mgonjwa, aliyeelezwa na asiyeelezwa. Kwa hiyo mfumo utendao haki hauna budi kuuliza zaidi: nani alieleza, kwa lugha gani, kwa mkalimani yupi, saa ngapi, na mgonjwa alikataa nini. Mama huyo aweza kuridhia kupasuliwa na kukataa kufungwa kizazi. Mambo haya mawili yakitiwa katika alama moja, anaweza kupotezewa uzazi wake kwa ridhaa ambayo hakuitoa kamwe. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko yote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huhesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na humruhusu aliyetoa ridhaa ya kutumiwa taarifa zake kuiondoa wakati wowote pasipo kutoa sababu wala malipo. Akiiondoa, kumbukumbu ya kwanza isifutwe. Ya pili iandikwe juu yake pamoja na saa yake, ili afunguaye jalada aone kauli ya mwisho kwanza.

Umri nao una hukumu yake. Tangu mwaka 2019 kijana wa miaka 15 aweza kuridhia mwenyewe kupimwa virusi vya UKIMWI. Basi mfumo unaodai sahihi ya mzazi ili binti wa miaka 16 apimwe humnyima haki yake, na huenda ukaifichua siri yake nyumbani.

Na umeme ukikatika usiku, muuguzi ataandika kwenye karatasi kwa mwanga wa tochi, na asubuhi ataingiza saa ileile mama aliposema ndiyo, wala si saa umeme uliporudi.