Kijana anataka kujifunza programu? Mzazi, kaa karibu

Likizo imefika. Chukua mfano wa kijana wa sekondari aliyeko nyumbani Gorong'a, wilayani Tarime. Mbele yake ipo kompyuta mpakato ya zamani, na intaneti inatoka kwenye simu ya mama. Anataka kujifunza kuandika programu, lakini bando la wiki linaweza kwisha kabla somo halijaanza.

Kompyuta iliyolemewa na Windows mpya mara nyingi bado hufanya kazi vizuri kwa Linux, mfumo unaopatikana bure. Kabla ya kuiweka, nakili picha na hati za familia kwenye flashi, maana uwekaji huo unaweza kufuta diski nzima.

Ubuntu, aina maarufu ya Linux, huja na lugha ya Python tayari. Hivyo mtoto anaweza kuanza bila kupakua kitu: afungue dirisha la amri, aandike python3, kisha abonyeze Enter.

Akitaka Thonny, programu ya kuandikia Python inayowafaa wanaoanza, ataandika sudo apt update, kisha sudo apt install thonny. Hapo mzazi aangalie mambo mawili.

La kwanza ni bando. Amri ya update huleta orodha ya programu tu, lakini nayo hula bando. Ile ya install huonyesha MB zitakazopakuliwa, na kwa kawaida huuliza kama iendelee. Soma tarakimu hiyo. Ikizidi salio, jibu n, hakuna kitakachoharibika. Zana za Java na C ni nzito zaidi, ziwekwe moja moja.

La pili ni nywila. Neno sudo humpa anayeandika mamlaka yote juu ya kompyuta. Nywila inapoandikwa, kwenye kompyuta nyingi hakuna herufi inayoonekana, na wengine hudhani kibodi imekufa. Ni vyema mzazi aishike mwenyewe, na asiiandike kwa amri ambayo mtoto hawezi kueleza inafanya nini.

Kwa kuanza, mtoto aandike jina la kwao: print("Gorong'a"). Akitumia alama moja ya nukuu badala ya mbili, Python itakataa, kwa kuwa itadhani jina limeishia kwenye ng. Mwache atafute kosa mwenyewe, halili bando.