MGUU WA MKIMBIAJI HUANZA KUVUNJIKA JIKONI

Katika vikosi vya ulinzi na usalama, kukimbia si mchezo wa kupitishia wakati bali ni sehemu ya kazi. Kurutu huamshwa na firimbi kabla ya jua, na mchakamchaka humtoa usingizi hata kabla hajanawa uso. Kwa hiyo si ajabu kwamba wengi wa wakimbiaji walioliletea bara letu heshima wametoka makambini. Abebe Bikila na Mamo Wolde wa Ethiopia walikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa polisi. Juma Ikangaa wa Tanzania, mshindi wa marathoni ya New York ya mwaka 1989, alikuwa ofisa wa jeshi. Hapa kwetu Uganda, John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za meta 400 za kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972, alikuwa polisi. Naye Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini London tarehe 12 Agosti 2012 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, alikuwa askari wa Magereza.

Mifano hiyo huwatia moyo askari wengi wajiandikishe katika mbio za kilometa 42 na meta 195. Huanza mazoezi kwa ari kubwa. Lakini baada ya wiki sita au nane, utamkuta mmoja anachechemea kwenye gwaride, mwingine amekaa kando ya barabara katika kilometa ya 28, kichwa kinamzunguka na miguu imekuwa mizito kama magogo. Wa kwanza atasema ana bahati mbaya. Wa pili atasema hana pumzi. Sisi tunaona kwamba mara nyingi wote wawili wana ugonjwa mmoja, nao ni njaa. Jambo hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo.

HESABU YA AKIBA

Mwili wa mwanadamu huweka akiba ya nguvu kwa namna mbili. Ya kwanza ni mafuta, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha kwenda siku nyingi, lakini huwaka polepole. Ya pili ni sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini, ambayo wataalamu huiita glaikojeni. Hiyo huwaka upesi, nayo ndiyo inayomwezesha mtu kukimbia kwa kasi. Akiba hii ni ndogo: kwa mtu aliyekula vizuri ni gramu 400 hadi 500 hivi, yaani nguvu ya kilokalori 2,000 kwa makadirio.

Sasa tupige hesabu. Mkimbiaji hutumia kilokalori moja hivi kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilometa. Askari mwenye kilo 65 atatumia zaidi ya kilokalori 2,700 hadi amalize marathoni. Ni dhahiri kwamba akiba ya sukari haitoshi. Anayekimbia kwa kasi bila kuongeza kitu tumboni ataishiwa mahali fulani kati ya kilometa ya 30 na ya 35. Hapo hakuna amri ya sajini itakayomwinua, kwa sababu ubongo wenyewe, ambao hutegemea sukari ya damu, umeanza kukosa chakula. Kiprotich alipowatoka Wakenya wawili huko London, alifanya hivyo baada ya kilometa ya 35, katika kipande hicho hicho ambacho wengi huona magoti yakilegea.

Elimu hii si ya jana. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 1924, madaktari walipima damu ya wakimbiaji mwishoni mwa mbio, wakagundua kwamba wale waliofika wamezimia au wamechanganyikiwa walikuwa na sukari ndogo mno. Mwaka uliofuata baadhi ya wakimbiaji walikula vyakula vya wanga kabla ya mbio na kumumunya peremende njiani, na hali yao ikawa bora. Karne moja imepita tangu wakati huo, na bado tunawaona watu wanaojisifu kwamba wamekimbia kilometa 30 kwa kikombe kimoja cha chai ya rangi.

Hatusemi kwamba mchakamchaka wa nusu saa wa alfajiri unahitaji karamu. Mtu mzima mwenye afya huumudu bila kula. Tunazungumza juu ya mbio ndefu za mwisho wa juma, zile za saa mbili au tatu. Kwa mbio hizo tumbo tupu si ushujaa bali ni uzembe.

UFA USIOONEKANA

Njaa ina madhara mengine yanayochelewa kujulikana, nayo ni ya mifupa. Askari wanastahili kuyafahamu kuliko watu wengine, kwa kuwa maradhi haya yalijulikana kwanza jeshini. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika habari za askari waliovimba nyayo na kushindwa kutembea baada ya miendo mirefu, ingawa hawakuanguka wala kupigwa. Eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895, haikuchukua miaka mingi kuthibitika kwamba mifupa ya nyayo zao ilikuwa na nyufa. Nyufa hizo hutokea pia katika mfupa wa muundi, wa paja na wa nyonga.

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, kinachobomolewa na kujengwa upya kila siku. Kila hatua ya mkimbiaji huuchosha kidogo, na wakati wa mapumziko mwili huja na mafundi wake kuukarabati. Mbio zikizidi haraka kuliko ukarabati, ufa huanza. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika: moyo na mapafu huzoea mazoezi katika muda wa wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Mtu hujisikia ana pumzi ya kwenda kilometa 25, akaenda, na mfupa wa muundi haukuwa tayari.

Na mafundi hao hawafanyi kazi bila posho. Mwili usiopata chakula cha kutosha hupunguza matumizi yake kama ofisi iliyokatiwa bajeti: hupunguza homoni, huacha kujenga mifupa, hudhoofisha kinga ya maradhi. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitoa tamko kueleza kwamba hali hiyo huwapata wanamichezo wanawake na wanaume pia. Kwa askari wanawake, dalili moja iliyo wazi ni kukatika kwa siku zao za mwezi. Jambo hilo lisichukuliwe kuwa ni matokeo ya kawaida ya mazoezi. Ni kengele ya hatari, na linapaswa kupelekwa kwa daktari.

Ushahidi wa chakula na mifupa umepatikana jeshini pia. Utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulihusu makurutu wanawake zaidi ya 5,200 wa jeshi la wanamaji la Marekani. Waliopewa madini ya kalsiamu pamoja na vitamini D katika wiki za mafunzo walipata nyufa za mifupa pungufu kwa asilimia 20 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kumbe baadhi ya miguu inayolazwa hospitalini ingeweza kuokolewa mezani. Sisi hatuhitaji kungoja vidonge vya ng'ambo: maziwa, simsim, mboga za majani, na mukene, wale dagaa wetu wanaoliwa pamoja na miiba yao, vyote vina kalsiamu, na jua letu hutusaidia kutengeneza vitamini D.

KUSTAHIMILI NA KUJUA KUACHA

Askari hufundishwa kutolalamika. Ni mafunzo mema, kwani vitani hakuna anayengoja maumivu yaishe. Lakini mazoezi si vita, na hapa panatakiwa busara ya kutofautisha. Tutazame habari za Bikila.

Mwaka 1960 huko Rome alikimbia pekupeku kwa sababu viatu alivyopata vilimchubua, akashinda. Mwaka 1964 alipasuliwa kidole tumbo wiki chache tu kabla ya Olimpiki ya Tokyo. Alipumzika, akapona, akaanza tena taratibu, na siku ya mbio alishinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Mwaka 1968 alifika Mexico akiwa na ufa katika mfupa wa mguu. Alianza mbio, na baada ya kilometa 16 hivi akaacha. Mwenzake wa kikosi kimoja, Mamo Wolde, akaendelea na kuileta medali ya dhahabu Ethiopia.

Mtu ni yule yule, na moyo ni ule ule. Jeraha lililopewa muda wa kupona lilimruhusu kushinda. Mfupa uliopasuka bila kupata muda haukumpeleka hata nusu ya njia. Ikiwa ushujaa wa Bikila haukuweza kuuamuru mfupa, sisi ni nani?

Wapo watakaotukumbusha habari za John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka katika mbio hizo hizo za Mexico, akaumia vibaya goti, akafungwa bendeji, na akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Tunamheshimu, na dunia inamheshimu. Lakini Akhwari aliumia ndani ya mbio, siku ambayo nchi yake ilikuwa imemtuma, na hapakuwa na kesho ya kungojea. Anayekimbia na ufa katika Jumanne ya kawaida ya mazoezi hajatumwa na mtu. Anajinyima mwenyewe mbio za mwezi ujao. Tena Akhwari alitibiwa, na mwaka 1970 alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh.

Wala kushindwa mara moja si mwisho. Joshua Cheptegei, polisi wetu aliyeweka rekodi ya dunia ya meta 10,000 huko Valencia mwaka 2020, alirudi mji huo huo Desemba 2023 kukimbia marathoni yake ya kwanza, akamaliza wa 37. Agosti 2024 alikuwa bingwa wa Olimpiki wa meta 10,000 mjini Paris.

LA KUFANYA

Kwanza, siku ya mbio ndefu, kula vyakula vya wanga saa mbili au tatu kabla ya kuanza: uji wenye sukari, mkate, viazi vitamu au ndizi. Maharagwe na mafuta mengi yangoje jioni.

Pili, mbio zikizidi saa moja na nusu, uongeze gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu kubwa ina gramu 25 hadi 30 hivi. Asiye na pesa za vinywaji vya dukani achukue lita moja ya maji safi, atie vijiko vya chai 15 vya sukari vilivyosawazishwa na robo kijiko cha chumvi. Jambo hilo lizoeshwe mazoezini, kwa maana tumbo nalo ni kurutu: likishtukizwa siku ya mbio, litaasi.

Tatu, maji yanywewe kwa kiasi cha kiu. Kunywa kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu na kunaweza kuua. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa mwishoni, na asilimia 13 miongoni mwao walikuwa na upungufu huo.

Nne, ndani ya saa moja baada ya mbio ndefu, kula. Posho na maharagwe, yai, maziwa: hiyo ndiyo mishahara ya mafundi wa mfupa. Usiku, lala.

Tano, ongeza umbali kidogo kidogo, na kila wiki ya nne upunguze. Usikimbie mbio ndefu kwa buti za kazi, wala usivae viatu vipya siku ya mbio.

Sita, yajue maumivu yako. Uchovu wa misuli huenea mguu mzima na huisha kwa siku mbili tatu. Maumivu ya ufa hukaa mahali pamoja, pale unapoweza kubonyeza kwa ncha ya kidole, huongezeka kila siku unapokimbia, na baadaye huuma hata usiku kitandani. Ukiona hivyo acha kukimbia, nenda kwa mganga wa kikosi. Ufa mwingi wa muundi hupona kwa wiki sita hadi nane za kupumzika. Ukipuuzwa unaweza kuwa mvunjiko kamili. Usimeze dawa za maumivu ili ukimbie, kwani huficha habari ambayo mwili unakuletea, na baadhi yake, zikichanganywa na jasho jingi na upungufu wa maji, huumiza figo.

Tunamalizia kwa neno kwa wakuu wa vikosi. Askari anayejua kwamba atachekwa au ataitwa mvivu atayaficha maumivu yake mpaka mfupa ukatike, na kikosi kitampoteza kwa miezi badala ya wiki. Mkuu anayempokea kurutu anayesema, "Afande, muundi unaniuma mahali pamoja," na akampeleka zahanati siku hiyo hiyo, hajalegeza nidhamu, ameokoa askari. Na mkuu anayekagua viatu na bunduki kila asubuhi akague pia sufuria, kwa kuwa miguu anayoitegemea inajengwa humo.