Beni Haisubiri Mtu

Msikilizaji mmoja kaniuliza: beni si ngoma ya Wazungu? Jina ni la Kiingereza, sikatai, na tarumbeta zililetwa. Lakini watu wa Lamu na Mombasa waliidaka tangu miaka ya 1890 wakaifanya yao. Vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa sare, vyeo na gwaride. Vita vya 1914–1918 vikaipeleka bara, na askari na wapagazi. Wakoloni wakaingiwa wasiwasi: Waafrika wanajipanga wenyewe, tena kwa mstari!

Harusini Unguja niliwahi kusimama kona moja na kinasa sauti changu. Nikaambulia tarumbeta nusu dakika, kisha kandambili za watoto waliokimbilia beni. Safari ya pili nami nilikimbia.