Chokaa ya Moyo na Mashine Inayoihesabu



Hapa Pemba kila mkulima wa karafuu anajua taabu ya mizani. Karafuu ni zile zile, lakini zikiwa na unyevu, au mizani ikiwa na hitilafu, kilo hubadilika. Jambo hili lafaa kukumbukwa hata hospitalini.

Mzee mmoja, jirani yangu, alirudi kutoka bara na karatasi. Mashine ilipiga picha ya moyo wake, na kompyuta ikahesabu chokaa: 0. Akafurahi, akairudia tumbaku yake. Kifua kilipombana akipanda kilima, alijibu tu, "Kompyuta imesema mimi mzima." Mkewe akanijia: "Mwanangu karani, nisomee karatasi hii. Mume wangu ameifanya hirizi."

Basi nikatafuta maana yake. Mshipa unaolisha moyo ukiugua, mafuta hujikusanya ndani ya ukuta wake, na baada ya miaka chokaa huingia humo. Katika picha chokaa huonekana nyeupe. Mwaka 1990 Dakta Arthur Agatston wa Marekani na wenzake walieleza namna ya kuihesabu. Weupe hupimwa kwa kipimo cha Hounsfield: maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri. Doa likifika 130 huhesabiwa, lisilofika huachwa. Kisha ukubwa wa doa huzidishwa kwa 1, 2, 3 au 4 kwa kadiri ya weupe wake.

Tazameni basi: doa la milimita 4 za mraba lenye weupe wa 199 hupata 4, lenye 200 hupata 8! Tena moyo hautulii kama gunia. Ukitikisika picha ikipigwa, doa hutanuka au hufifia. Mfupa nao ni mweupe, na vali ya moyo yaweza kuwa na chokaa. Kwa hiyo lazima mtaalamu aangalie kompyuta imehesabu nini. Ndiyo sababu wataalamu huijaribu mashine kwa kifua cha bandia ambacho chokaa yake inajulikana, kama vile mizani inavyojaribiwa kwa jiwe la kilo moja.

Je, kipimo hiki ni cha uongo? Hasha! Namba kubwa, kama 400 na zaidi, ni onyo la kweli, hata programu nyingine ikisoma pungufu au zaidi kidogo. Namba ndogo ndizo zinazoyumba. Na 0 ni habari njema kwa asiye na maumivu. Lakini mafuta laini yasiyo na chokaa hayamo katika hesabu hiyo, nayo yaweza kuziba mshipa.

Nikamwambia, "Mama, karatasi haikusema uongo, lakini haikuulizwa habari za maumivu. Mwambie mzee aende kwa daktari, ayaeleze." Mzee alinuna siku mbili, ya tatu akaenda. Daktari akampima, akampa dawa, akamkataza tumbaku. Siku hizi hata Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015.

Ndugu, kifua kikibana, usingoje namba. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mashine ni mtumishi wa daktari. Uhai ni amana ya Mungu, nasi tumepewa tuulinde.