Maji Mazito, Ardhi Itikisikapo

Jioni ya tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Kwa mwanafunzi wa Mpapura, mkoani Mtwara, tukio hilo ni somo la fizikia linalohusu nyumba yake.

Lita moja ya maji ina tungamo la karibu kilogramu moja. Hivyo hita ya lita 80 hubeba kilogramu 80 za maji, na tangi la lita 1,000 hubeba tani nzima. Ardhi itikisikapo, nyumba husogea pamoja nayo, lakini chombo kizito hukawia nyuma, kwa kanuni aliyoieleza Newton mwaka 1687. Kikiwa kirefu na chembamba, huanguka. Mabomba hukatika, na maji humwagika wakati yanapohitajiwa sana.

Kinga yake si ngumu. Hita inayosimama sakafuni ifungwe kwenye ukuta imara kwa mikanda miwili ya chuma: mmoja katika theluthi ya juu, mwingine katika theluthi ya chini. Mabomba ya kuunganishia yawe ya kunyumbuka. Tangi lisiloweza kufungwa liwekwe chini, si juu ya mnara. Siku ya tetemeko haitabiriki. Mkanda hufungwa kabla.